Kazi isiyokufaa huijui kwa jina lake

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji, hapa Kigoma, hugeuka bodi za ajira. Baba mdogo anataka daktari. Shangazi anataka mhasibu, maana yupo mhasibu mmoja anayemfahamu kajenga Bangwe. Mtoto mwenyewe ana alama nzuri za baiolojia na kemia, basi PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ya kidato cha tano inamsubiri, na nyuma ya PCB linamsubiri koti jeupe. Alama zimeshasema. Katika kikao chote hicho husikii mtu akiuliza kama kijana huyu anaweza kukesha, kama akiona damu anashindwa kula, au kama anaweza kufokewa na mgonjwa saa nane za usiku na kulipokucha akamjulia hali mgonjwa huyo huyo kwa heshima.

Mtoto naye siku hizi ana mshauri wake mfukoni. Amejibu maswali ya jaribio la haiba kwenye simu, amepewa herufi nne pamoja na orodha ya kazi zinazomfaa na zisizomfaa. Ameambiwa asithubutu mauzo, uhasibu wala jeshi. Amefurahi sana, kwa sababu hata kabla ya jaribio hakuwa akizitaka.

Kwa maoni yangu, kikao cha ukoo na jaribio la simu vinakosea mahali pamoja: vyote viwili vinatazama jina la kazi. Daktari, mwalimu, mtendaji, muuzaji. Lakini mtu hashindwi na jina. Anashindwa na kile kitendo ambacho kazi hiyo inamtaka akifanye mara nyingi kuliko vyote, siku baada ya siku, na ambacho mara nyingi hakimo kwenye tangazo la ajira. Ukikijua kitendo hicho, utajua mapema kama kazi itakutesa. Usipokijua, hata herufi arobaini hazitakusaidia.

Niyaseme kwa ufupi hayo majaribio, maana yanapewa heshima kubwa kuliko yanayostahili. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alieleza kwamba kuna watu ambao nguvu zao huelekea ndani, kwenye fikra zao, na wengine huelekea nje, kwa watu na mambo. Huko Marekani mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia, waliyachukua mawazo hayo wakayatengenezea jaribio la herufi nne linaloendelea kuuzwa kwa makampuni hadi leo. Udhaifu wake unajulikana: watu wengi wakilirudia baada ya wiki chache hupata herufi tofauti na za mwanzo. Mwaka 1959 John Holland, naye Mmarekani, alileta mpango wenye mashiko zaidi. Aliwapanga watu na kazi katika makundi sita: kazi za mikono, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za biashara na ushawishi, na za taratibu na kumbukumbu. Ofisi nyingi za ushauri wa kazi duniani zimejengwa juu ya makundi hayo. Hata hivyo, waliopima kama mtu akiwa kwenye kundi "lake" huridhika zaidi na kazi wamekuta kwamba uhusiano upo, ila ni mdogo. Mshahara, bosi, umbali kutoka nyumbani na wenzako wa meza moja vina usemi wao.

Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika, wakatafuta ni tabia ipi kati ya tano kubwa ambazo wanasaikolojia huzitumia kueleza haiba ya mtu inayotabiri utendaji kazini. Iliyojitokeza katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia ni umakini: mtu anayemaliza alichokianza, anayefika kwa wakati, anayetunza alichopewa. Bibi yeyote wa Kasulu angekwambia hilo bila kukusanya chochote.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Adam Grant, uliotoka mwaka 2013. Aliwafuatilia wauzaji 340 wa kituo cha simu. Sote tunadhani muuzaji hodari ni yule mchangamfu asiyeishiwa maneno. Grant alikuta walioingiza fedha nyingi ni wale wa katikati, wasio wakimya sana wala waongeaji sana. Wachangamfu waliopitiliza walizidiwa. Maelezo aliyoyatoa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kununua kitenge sokoni Mwanga: mtu asiyefunga mdomo hasikii mteja anataka nini, na maneno yakizidi mteja anashtuka. Nusu ya kuuza ni kusikiliza. Sasa hebu hesabu ni vijana wangapi wakimya tumewaambia biashara haiwafai.

Nitoke kwenye vitabu, nije kwenye kazi moja ambayo kila kijiji cha mkoa huu kinaijua: mtendaji wa kijiji.

Tangazo lake wengi tunalisoma kwa kukariri. Awe raia wa Tanzania, awe na umri wa miaka 18 hadi 45, awe amehitimu kidato cha nne au cha sita, awe na cheti cha utawala, sheria, elimu ya jamii, maendeleo ya jamii au fani inayofanana, kutoka chuo cha Hombolo au kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kisha yanafuata majukumu: afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa mikutano, mlinzi wa amani, msimamizi wa sheria ndogo, mtu wa kupokea na kutatua malalamiko ya wananchi. Kijana mpole, mwenye kupenda watu, akifika hapo kwenye malalamiko ya wananchi anasema hapa ndipo pangu. Jaribio la simu nalo linamuunga mkono. Kundi lake ni la kuhudumia watu.

Sasa njoo Jumatatu asubuhi. Ofisi ina meza moja, kabati lisilofunga vizuri, na benchi nje ukutani. Wa kwanza ni mzee ambaye muhogo wake umeliwa na ng'ombe wa jirani. Jirani mwenyewe amekaa benchi lile lile, wamegeuziana migongo. Wa pili ni kijana anayetaka barua ya kwenda kuombea kitambulisho cha Taifa. Huku mpakani barua hiyo ni nzito kuliko kwingine: ukigonga mhuri umesema unamjua, unawajua wazazi wake, na kesho Uhamiaji wanaweza kuja kukuuliza ulimjulia wapi. Wa tatu ni mama ambaye mume ameuza mahindi ya nyumba nzima na hajaonekana tangu Ijumaa. Simu inaita. Ni mtendaji wa kata, anataka orodha ya waliokwisha kutoa mchango wa darasa na ya wasiotoa, na anaitaka leo. Kwenye orodha ya pili kuna jina la shemeji.

Kitendo kinachorudiwa hapo ni kumkatalia mtu ambaye jioni utakutana naye kisimani, na kesho kutwa mtakaa jamvi moja msibani. Kusaidia watu kupo, lakini kunakuja mara moja moja. Kukatalia ni kila saa. Mtu mpole akiwekwa kwenye kiti hicho huharibika kwa njia mbili. Ama anakubali kila anachoombwa, mzee wa muhogo anaahidiwa fidia na mwenye ng'ombe anaahidiwa msamaha, na baada ya miezi mitatu ahadi zake zimeanza kugongana hadharani. Ama anajivika ukali usio wake, anafoka hata pasipo na la kufokea, na kijiji kinasema cheo kimempanda kichwani. Hakuna kilichompanda. Anajikinga.

Anayeiweza kazi ile ni mtu mkavu kidogo. Anasikiliza hadi mwisho, anasema neno moja, halafu analala usingizi akijua kuna mtu amemchukia bila kosa. Pengine kwenye kahawa asiwe mtu wa kuvutia. Maswali ya haiba humuuliza mtu kama anapenda kusaidia wengine, na nani atajibu hapana? Wangemuuliza kama anaweza kuchukiwa na jirani kwa uamuzi wa haki na bado akala chakula chake, wangepata jibu lenye maana.

Hapa ndipo majaribio yaliyotengenezwa nchi za mbali yanapotuacha njiani. Yanamfikiria mtu akiwa peke yake na kazi yake, mlango umefungwa. Huku kwetu kazi huja na ndugu. Tabia inayoamua kama mtu ataweza biashara ndogo Kigoma ni uwezo wa kumwambia ndugu hapana bila kuvunja undugu, na sijaona jaribio linaloipima.

Tazama kibanda cha wakala wa pesa kwenye barabara ya kupanda Mwanga. Simu mbili, daftari, kopo la noti, kiti cha plastiki. Mwenye kibanda ni mama mchangamfu ambaye mtaa mzima unampenda, na ndiyo shida yenyewe.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Niwekee elfu ishirini kwenye namba yangu, jioni nakuletea."

"Jioni ya leo, au ya mwezi ujao?"

Wanacheka wote wawili, na floti, yaani salio la wakala la kufanyia miamala, inatoka. Saa kumi na mbili anakuja mfanyabiashara wa mawese anataka kutuma laki tatu, anaambiwa floti imekwisha. Anavuka barabara kwa wakala wa pili, na kuanzia siku hiyo haangaiki tena kuuliza kwa shangazi. Ukizingatia kamisheni ya muamala mmoja ni kiasi gani, elfu ishirini iliyokwama inameza kazi ya siku nyingi. Na huyo ni ndugu, mtu asiye na nia mbaya. Baada yake anakuja mgeni mwenye haraka, gari lake eti linaondoka, anamwonyesha ujumbe wa muamala aliouandika mwenyewe. Kazi ya wakala, kila baada ya dakika kumi, ni kumshuku mtu kwa adabu: kuangalia salio kabla ya kuangalia uso. Mtu anayeona aibu kuhakiki mbele ya mteja atafunga kibanda kabla ya mwaka kwisha. Ukutani unaweza kubandika "kukopa harusi, kulipa matanga" kwa herufi kubwa upendavyo, bango halitakukatalia mtu kwa niaba yako.

Mama huyo huyo ukimweka mapokezi ya nyumba ya wageni, au kwenye mgahawa, uchangamfu wake unakuwa mtaji. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mtu fulani hana tabia ya kazi.

Kuna tabia moja ambayo kila mtu huificha kwenye usaili, nayo ni wasiwasi. Wataalamu wa tabia tano kubwa wameiweka kwenye orodha yao, na inaandamana na sifa mbaya: mtu wa wasiwasi huchoka haraka, hukosa usingizi, huyumbishwa na mambo madogo. Yote hayo kweli. Lakini nenda Kibirizi au Katonga mitumbwi ikishafika mwaloni, uwaangalie akina mama wanaoanika dagaa. Wamenunua kwa ndoo alfajiri, wametandaza juani, kilichobaki ni kugeuza na kungoja. Jua likiwa zuri, dagaa wanakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikiwakuta, bei ya mzigo inashuka hadi kuwa chakula cha kuku. Mchana ukiwa mkali wengi hujilaza kivulini. Mmoja halali. Ana turubai miguuni, limeshakunjuliwa nusu, na kila akigeuza safu moja anainua macho kutazama mawingu juu ya milima. Wenzake wanamtania kwamba hata mbinguni atauliza kama kuna paa. Tone la kwanza likianguka, yeye nusu ya mzigo wake imeshafunikwa, na wale wanaotania ndio wanakimbizana kutafuta turubai. Mwanamke huyo umpe pikipiki aendeshe abiria usiku, atakufa kwa presha. Umpe ghala la dawa la zahanati, hakuna chupa itakayoisha muda wake bila yeye kujua.

Ziwa lenyewe lilitupa somo hivi karibuni. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu watu waliokuwa na kazi moja maisha yao yote walilazimika kujaribu nyingine. Wapo waliokwenda bodaboda, wapo walioshika jembe, wapo waliofyatua tofali. Siasa ya kufunga ziwa tuiache. Kilichonivutia ni namna watu walivyoshindwa na kazi hizo kwa sababu ambazo hakuna aliyezitabiri.

Ukimuuliza mtu wa mjini nini kitamshinda mvuvi akiwa bodaboda, atasema mvuvi ni mtu wa maji, hajui barabara. Barabara inajifunzwa kwa wiki mbili. Kinachomtoa jasho ni mgeni mpya kila robo saa na kubembelezana naye bei. Usiku ziwani, mvuvi wa dagaa hukaa na watu wale wale kuanzia jioni hadi alfajiri. Taa zinawaka juu ya maji, wanasubiri dagaa wakusanyike, maneno ni machache, na wavu ukianza kuvutwa kila mkono unajua zamu yake. Kusubiri anakuweza, tena kuliko mtu wa kijiweni. Kujieleza kwa mtu asiyemjua ndiko kunakomchosha.

Kwenye kilimo kilichowashinda wengine ni fedha, na sisemi uchache wake. Mvuvi amezoea asubuhi ya leo kujua alichopata jana usiku. Hata mbalamwezi ikija, taa zikakosa kazi na mitumbwi ikapumzika, anajua baada ya siku chache giza litarudi na hesabu itaendelea. Jirani zetu wa Tabora wanaolima tumbaku wanaishi kalenda nyingine kabisa. Pembejeo zinakopwa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, vitalu vinaanza kabla ya mvua, kisha kuhamishia miche, kupalilia, kuvuna jani kwa jani, kukausha kwa moto banini, kupanga madaraja, na malipo yanakuja mwaka unaofuata, deni likishakatwa. Mtu anayehitaji kuona matunda ya kazi yake kila asubuhi atateseka Urambo hata akipewa ekari za bure. Na mkulima wa Urambo aliyezoea kupanga mwaka mzima ukimpandisha mtumbwini, ile hali ya kurudi na ndoo tupu leo, kesho ndoo sitini, itamvuruga akili. Hakuna kati yao mvivu. Wametofautiana kwenye urefu wa subira.

Kwa kuwa nimetaja subira, siwezi kuipita Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya ziwa hili. Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, aliposhuka kwenye ufukwe ule alikuwa na umri wa miaka 26, hana shahada, amewahi kuwa katibu muhtasi. Kwa cheti, hakuna ofisi ya utafiti ambayo ingemwita hata kwenye usaili. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, aliyempeleka, alitafuta mtu atakayeweza kukaa na kutazama kwa muda mrefu bila kichwa kilichokwisha kujazwa majibu. Na kweli, kwa miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona wanakimbia. Kazi yake ilikuwa kupanda kilimani na darubini, kukaa, kushuka jioni, na kesho tena. Kabla ya mwaka huo kwisha alimwona sokwe akitumia kijiti kuchokoa mchwa kwenye kichuguu, na dunia ya sayansi ikalazimika kufikiri upya juu ya nani anatumia zana.

Hadithi hiyo inasimuliwa sana. Inayosimuliwa kidogo ni ya watu wa hapa. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa Gombe na waasi waliotoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati huo. Watafiti wa nje wakaondoka, na wasaidizi wa Kitanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya mwambao, ndio walioendelea kukusanya taarifa. Kazi yao ukiiona kwa mbali ni kutembea porini. Kwa karibu ni hivi: unafika chini ya kiota kabla hakujapambazuka, unamngoja sokwe ashuke, unamfuata mteremko na mpando hadi atakapojenga kiota kingine jioni, na kila baada ya dakika chache unaandika amekula nini, yuko na nani, amefanya nini. Humwiti, humkaribii, husemi. Vijana wengi wanaoitamani kazi ya hifadhi wanajiona wakizungumza Kiingereza na watalii. Hiyo ni ya kuongoza wageni, nayo ina watu wake. Mfuatiliaji wa sokwe anashinda siku nzima akiwa hana maana kwa yule anayemfuata, na hiyo ndiyo ishara kwamba anafanya kazi vizuri.

Jina la kazi linaweza hata kubadilika na kitendo kikabaki. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akafundisha St. Mary's Tabora baada ya Makerere, na baadaye alipenda kusema kwamba yeye ni mwalimu kwa kuchagua na mwanasiasa kwa bahati mbaya. Sikiliza hotuba zake. Anauliza swali, anangoja, anajibu, anarudia kwa mfano mwingine, anachekesha darasa, anarudi kwenye hoja. Aliacha chaki, kufundisha hakukuacha.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Ajira zenyewe ziko wapi hata tuchague? Kijana ana cheti, ana miaka minne anapeleka maombi, leo unamwambia atafute kitendo kinachorudiwa? Ana haki. Mwenye njaa hachambui haiba yake, na sitamshauri mtu aache mshahara kwa sababu ya makala. Isitoshe tabia haijachongwa kwenye jiwe. Watafiti wanaowafuatilia watu kwa miaka wanaona kwamba vijana wakiingia kwenye majukumu ya utu uzima umakini wao kwa wastani huongezeka. Kazi nayo inamfinyanga mtu.

Pia wengi wanaosema kazi haiwafai hawasumbuliwi na haiba hata kidogo. Mwalimu aliyepangiwa kijiji ambacho mvua ikinyesha hakitoki, hana nyumba, hajapandishwa daraja kwa muda mrefu, atakwambia ualimu haukuwa wito wake. Mpe nyumba na barabara uone wito unavyorudi. Mtu ajiulize: mshahara ukiongezwa mara mbili na bosi akabadilishwa, je, kile kitendo cha kila siku bado kitamuumiza? Kwa mwalimu, kurundikiwa madaftari mia na zaidi na kusoma kosa lile lile kwenye kila daftari, leo na Alhamisi. Kama jibu ni hapana, tatizo ni mazingira, na wa kulitatua ni mwajiri. Kama ni ndiyo, hakuna nyongeza itakayolitibu.

Sikubali lakini kwamba kutofaa kwa mtu ni shauri lake mwenyewe. Katika kazi za umma gharama inalipwa na aliye upande wa pili wa meza. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alieleza kwa kuwatazama wahudumu wa ndege kwamba zipo kazi ambazo unalipwa ili uzitawale hisia zako mbele ya mteja, na kwamba hiyo ni kazi kamili, inachosha kweli. Uuguzi umo humo, tena zaidi. Malalamiko ya lugha chafu wodini tunayasikia kila mwaka, na dawa yetu ni ile ile: semina ya maadili, karipio, uhamisho. Baadhi ni utovu wa maadili kweli. Baadhi ni mtu aliyechaguliwa kwa alama za kemia, akawekwa mahali ambapo kila saa anatakiwa kuwa mpole kwa mgeni mwenye maumivu, na upole huo hakuwa nao tangu siku ya kwanza. Pengine maabara, nyuma ya hadubini, angekuwa mtumishi bora wa hospitali hiyo hiyo. Semina haitampa asichokuwa nacho.

Kati ya mtihani wa Novemba na kidato cha tano cha Julai mtoto ana miezi mingi mikononi. Tunaijaza kwa masomo ya awali na kozi ya kompyuta. Wiki mbili za kukaa benchi la wagonjwa wa nje, au nyuma ya kibanda cha wakala, au mwaloni kuanzia saa kumi alfajiri, zingemfundisha mengi zaidi. Akae tu, aangalie mwenye kazi anafanya nini mara nyingi kuliko vyote. Asimuulize anapenda nini kwenye kazi yake, maana watu wazima hujibu swali hilo kwa adabu. Amuulize nini humchosha siku ya Jumatano.

Halmashauri nazo zinaweza kufanya jambo dogo. Usaili wa watendaji wa vijiji kwa kawaida ni karatasi ya maswali, kisha meza ya watu wanaouliza utawala bora ni nini, na kila aliyekariri hujibu. Waongeze dakika ishirini. Mtendaji mstaafu mmoja aingie kama mzee aliyeliwa muhogo, mwingine akae kama mwenye ng'ombe, wa tatu apige simu akidai orodha ya michango. Msailiwa apewe mhuri na kiti. Itagharimu posho ya wastaafu watatu kwa siku moja, na chai.